Kona ya Kushoto ya Boti Yetu

Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Wala sikuisukuma kwa nguvu. Niliigusisha tu kwenye ubao wa nyuma wa boti, pale mashine inapofungwa, ikazama kama imeingia kwenye muhogo uliooza. Nilipoichomoa, maji meusi yalichuruzika mpaka kwenye kidole changu cha mguu.

Mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili, mikono kiunoni, anatabasamu. Lori lilikuwa limetushushia ile boti uani kwetu Kawe asubuhi hiyohiyo.

"Imeoza," nikamwambia.

"Wapi?"

"Hapa penye mzigo wote."

Akainama akatazama, kisha akanyanyuka bado anatabasamu. "Si ndiyo maana nimeoa fundi," akasema.

Ni kweli nilikuwa fundi. Miaka saba nilifanya kazi kwenye kiwanda cha umma kilichotengeneza matangi ya maji ya faibaglasi. Nilikuwa idara ya kumimina: unatandika kitambaa cha nyuzi za kioo, unakilowesha kwa resini iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha, unapitisha rola kuitoa hewa yote, halafu unasubiri igande. Kiwanda kilipopata mwenyewe mpya, katikati ya miaka ya tisini, majina yetu yalibandikwa getini na sie tuliosoma majina yetu tukarudi nyumbani. Mume wangu alikuwa dereva wa boti ya idara moja ya serikali. Naye alipunguzwa mwaka uleule. Alikuwa mtu wa kupiga mluzi tangu anaamka. Miezi ile ya kukaa barazani mluzi ulikatika, na chakula akawa anakisogezasogeza tu kwenye sahani.

Kwa hiyo alipokuja na habari ya boti, sikuwa na moyo wa kumkatalia. Ilikuwa ya mgeni mmoja wa Ulaya aliyekuwa akirudi kwao. Ilitengenezwa ng'ambo mie nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, na kwa miaka mingi ililala nyuma ya nyumba huko Msasani, kuku wakitaga ndani yake. Mwili wake ulikuwa mnene na mzima, maana zamani walikuwa hawabanii vifaa. Mume wangu alitaka kuitumia kupeleka watu visiwani siku za mapumziko. Watu wa mjini walikuwa wameanza kupenda kutembea, na yeye bahari ile aliijua kama uani kwao. Alizaliwa hapohapo pwani, na wazee wake hivyohivyo.

Mie nimezaliwa Newala, juu kwenye uwanda, ambako maji tulikuwa tunayateremkia bondeni alfajiri na kupanda nayo kichwani. Maji mengi kuliko ndoo sikuyaona mpaka nilipokuwa mkubwa. Sijui kuogelea. Hata leo mawimbi yakinifika magotini moyo unaniruka. Na kazi yenyewe ya faibaglasi niliifanya miaka yote saba kwa hofu, kwa sababu mwezi wangu wa kwanza kiwandani niliona tone la ile dawa ya kugandisha likimrukia mwenzangu jichoni. Tulimwosha kwa maji mpaka mabomba yakakauka, lakini jicho halikurudi.

Tulianza kwa kulifungua lile tezi, yaani upande wa nyuma wa boti. Umeme ulikuwa wa mgawo, basi tulikata kwa msumeno wa mkono na patasi. Tulipobandua tabaka la ndani la faibaglasi, tulikuta mbao zimekuwa unga mweusi, na katikati ya ule unga kulikuwa na magazeti. Mtu alikuwa ameshindilia magazeti kwenye tundu, akaziba juu kwa plasta, akapaka rangi safi nyeupe.

"Huyu alikuwa anataka kuua watu," nikasema.

Mume wangu alicheka. Mie sikucheka. Nilikaa chini nikayatazama yale magazeti, nikawafikiria waliopanda boti ile bila kujua wameegemea nini.

Ubao mpya tuliuunda kwa plaiwudi nene mbili, tukazigundisha pamoja ziwe moja. Kazi iliyobaki ndiyo niliyoiogopa: kuubandika kwenye ukuta wa boti, gundi ishike kila mahali, pasibaki hata pa kidole penye hewa. Mashine inapokimbia inausukuma na kuuvuta ubao ule muda wote. Pakiwa na uwazi, unaanza kucheza hapo, unapasuka, na mashine inaondoka na nyuma nzima ya boti.

Siku ya kubandika jua lilikuwa kali, kisha wingu likaanza kujikusanya upande wa Kunduchi. Nikawa na haraka. Nilichanganya resini, ndiyo gundi yetu, ndoo nzima kwa mara moja na dawa nikazidisha. Sikumaliza hata kupaka nusu, ndoo ikaanza kutoa moshi. Resini ikizidiwa na dawa huchemka yenyewe, na inaweza kuwaka.

"Toka hapo," nikamwambia mume wangu. "Toka, rudi nyuma."

Niliipiga ndoo teke ikalala mchangani, ikatoa moshi wa kuchoma pua mpaka ikawa jiwe. Matone ya mvua yalikuwa yameanza kudondoka, na gundi niliyokwisha kupaka ilikuwa inakaza. Nilichanganya nyingine, safari hii dawa kidogo kwa woga, nikapaka upesi upesi, tukausukuma ubao mahali pake, tukaukaza kwa bolti na kuufunika kwa turubai.

Baada ya siku tatu niliugonga kwa sarafu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukipima matangi: palipo pazima pana sauti kavu na kali, penye uwazi pana sauti ya tumbo tupu. Nilianzia kulia. Ko, ko, ko, inchi kwa inchi, mpaka katikati. Ko, ko. Nilipofika kona ya kushoto, chini, sauti ikageuka. Eneo lenyewe lilikuwa kama kiganja cha mkono. Nikarudia. Nikaweka sikio. Haikuwa imeshika.

Wakati huohuo mume wangu alikuwa mlangoni na mama yake, anamwonyesha. Mama mkwe akaniuliza, "Vipi mwanangu, imekubali?"

Na mume wangu alikuwa anapiga mluzi.

"Imekubali, mama," nikasema.

Sijui mpaka leo neno lile lilitokaje. Nilijiambia ni eneo dogo. Nilijiambia tabaka za faibaglasi nitakazoweka juu zitashikilia. Nikaziweka, tena nyingi kuliko zinazohitajika, nikapiga msasa, nikapaka rangi safi nyeupe. Wiki ile nilipokuwa napaka nilikuwa nayakumbuka yale magazeti, na mkono haukusimama.

Usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nikisonga ugali nasikia ile sauti tupu kwenye sufuria. Majirani wakawa wanapita kuisifu boti. Mume wangu aliazima mashine kwa rafiki yake, akaifunga. Halafu akaja na habari kwamba wateja wa kwanza wamepatikana: familia ya mtaa wa pili, na watoto wao, wanataka kwenda Mbudya Jumapili.

"Jumamosi nakwenda kuijaribu," akasema.

"Tutakwenda wote."

Akanitazama. "Wewe? Wewe unayeogopa beseni?"

"Nataka kuiona inavyokimbia."

Alifurahi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, jinsi alivyofurahi. Alidhani nimeanza kuipenda bahari kwa ajili yake. Asubuhi ile alinivalisha mwenyewe jaketi la kuelea, lilikuwa moja tu, akanikaza mikanda kama mtoto.

Sikukaa mbele alikonielekeza. Nilikaa chini karibu na mashine, nikaweka kiganja kwenye ile kona. Mwanzoni tulikwenda taratibu na sikuhisi kitu ila mtetemo. Maji yalikuwa kijani, halafu yakawa ya bluu, halafu yakawa meusi, na nyumba za Kawe zikawa ndogo kama viberiti. Nilikuwa nimeshika ukingo kwa mkono wa pili mpaka vidole vikafa ganzi.

Tulipofika kama katikati ya njia akaongeza moto. Mdomo wa boti ukanyanyuka. Na chini ya kiganja changu ubao ukajongea. Ulikwenda nyuma ukarudi, kidogo tu, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikatazama. Mstari mwembamba ulikuwa umejichora kwenye rangi, kutoka kwenye tundu la bolti kwenda kona. Ubao ukajongea tena, na mstari ukatoa tone la maji.

"Punguza," nikasema.

Hakusikia. Nikamshika mguu.

"Punguza. Zima."

"Usiogope, tunakaribia."

"Kona ya kushoto haikushika," nikasema. "Nilijua. Nilijua tangu siku nilipoigonga. Nikakudanganya."

Alizima mashine. Boti ikaketi majini, na wimbi letu wenyewe likatufuata nyuma likaipiga ile kona. Maji yakaingia. Kila kitu kilikuwa kimya, hata ndege hakuna. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye ule ufa, akakiangalia kidole. Hakunitukana. Hakuniuliza kwa nini. Alinitazama mara moja tu, nikaona uso ambao sikuwa nimeuona tangu nimjue.

Kisha akaanza kazi. Alizungusha kamba ya nanga kwenye kichwa cha mashine, akaifunga kwenye vyuma vya pembeni, kulia na kushoto, ili uzito usiegemee ubao peke yake. Akaiwasha tena kwa mwendo wa chini kabisa, akageuza boti kuelekea nyumbani. Sasa mawimbi yalitoka nyuma. Kila moja lilipokuja nililiona likipanda, nikajua linakwenda kupiga palepale. Ufa ukaongezeka, nikaweza kuingiza ukucha. Chini ya benchi kulikuwa na kopo tupu la rangi yetu. Nilichota maji na kumwaga, nikachota na kumwaga, na katikati nikawa naikumbatia mashine kwa mkono mmoja kana kwamba mie ningeweza kuizuia.

Niliwaza watoto wetu wawili, waliobaki na bibi yao. Niliwaza watoto wa mtaa wa pili, kwamba kesho yake wangekuwa wamekaa nilipokaa. Nilitaka kulia lakini hofu haikuniachia nafasi. Mara mbili nilimwambia, "Sema kitu." Hakusema. Macho yake yalikuwa kwenye maji ya nyuma, mkono kwenye usukani wa mashine, midomo imekaza.

Jua lilikuwa utosini tulipogusa mchanga. Nilishuka nikakaa palepale majini, na jaketi langu. Yeye aliivuta boti peke yake mpaka maji yalipoishia. Halafu akarudi, akanishika kwapani, akaniinua.

"Twende ukamwambie mama Jumapili hakuna safari," akasema. "Wewe ndiye utakayemwambia, na utamwambia kwa nini."

Nikamwambia. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, kisha akaenda mwenyewe mtaa wa pili kuwaeleza wale watu. Mie hakunisemesha siku mbili.

Jumatatu tuliukata ubao wote. Ile kona ilitoka nzima mkononi kama gamba, gundi yake bado laini upande mmoja. Mume wangu aliisimamisha ukutani, akaniacha niitazame. Tulianza upya, tukangoja siku kavu, nikachanganya resini kwa kikombe badala ya ndoo. Safari hii kugonga aligonga yeye. Alichukua asubuhi nzima, sikio limelala kwenye ubao, na mie nimekaa kwenye kigoda nimejikunyata, kila pigo linanipita mgongoni. Alipomaliza alinyanyuka akaingia ndani kunawa. Hakusema imekubali. Alisema, "Kesho tuweke tabaka la kwanza."

Boti ile ilibeba watu miaka tisa, na ubao ule haukupata hata ufa wa nywele. Wenye boti wengine wakaanza kuniletea zao, na kwa muda mrefu kazi yangu ikawa hiyo, kufungua nyuma za boti za watu na kuwaambia nilichokikuta. Wengine walikasirika. Mmoja aliichukua boti yake akaipeleka kwa fundi mwingine. Hofu yangu haikuisha. Siku zote mume wangu alipokuwa majini nilifanya kazi za ndani, niwe mbali na upande unaoonyesha bahari.

Yeye alikaa muda kabla ya kuniamini tena. Chungu nikimwambia kimeiva, anafunua mwenyewe. Sikumlaumu. Miaka mingi baadaye, ameshauza boti na magoti yanamsumbua, nilimuuliza kwa nini siku ile njia nzima alininyamazia vile, kama ni hasira.

"Hasira ilikuja nchi kavu," akasema. "Mle ndani nilikuwa naogopa kuliko wewe."

"Wewe? Si unajua kuogelea."

"Ndiyo. Kwa hiyo nilikuwa najua ni mbali kiasi gani, na kwamba nisingeweza kukuvuta mpaka mwisho."

Akaniomba nimsogezee kigoda aweke mguu. Nikamsogezea.