Tawi Alilobaki Nalo Remigius

Remigius Qamara ni jirani yangu wa ukuta. Yeye anatengeneza simu, mimi nashona, na kati yetu pale Karatu kuna kipande cha plaiwudi kisichozuia hata kikohozi. Kwa hiyo mambo yake nayajua, na wala siombi radhi. Ukikaa miaka sita unamsikia mtu akipiga chafya, utashindwaje kujua kwamba hakuna wa kumwambia pole?

Ana miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Kansay. Hana mke wala mtoto, mama yake alishafariki, na ndugu zake wanamkumbuka mahindi yakikauka shambani na mikono ikipungua. Si mlevi, si mkali. Ni mtu wa kunyamaza tu. Mara mbili nimejaribu kumtafutia mchumba. Wa kwanza alikuja, akakaa kwenye benchi karibu saa nzima, akatoka ananiambia, "Dada Laurencia, yule kaka ameniuliza swali moja tu, kama simu yangu inakaa na chaji." Nilimnunia Remi wiki nzima, na sidhani kama aligundua.

Lakini Remi alikuwa na watu wake, ila walikuwa mbali.

Kuna simu ya kizamani huku tunaiita kobe, kwa sababu mgongo wake ni mgumu. Kampuni iliyoitengeneza iliacha kuihudumia siku nyingi. Wafugaji wa Endulen wanaipenda, maana ikidondoka na kukanyagwa na ndama bado inaita. Remi ndiye aliyewawekea mfumo mwingine, ule wa bure usio na tajiri. Unaandikwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na maandishi yake yako wazi: ukitaka unasoma, ukiweza unarekebisha. Kila aina ya simu ina mtunzaji wake, anayehakikisha mfumo unaikubali. Mtunzaji wa kobe, dunia nzima, alikuwa Remigius wa Karatu. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yao. Alinionyesha siku moja, nami nikamtania kwamba sasa atahamia Ulaya atuachie vumbi letu.

Kila Alhamisi saa kumi jioni walikuwa na mkutano wa sauti. Remi alivaa shati la kola, lile la kanisani, ingawa hakuna aliyemwona. Alisalimia, akangoja zamu yake, akasema habari za kobe kwa dakika mbili. Hizo dakika mbili ndizo zilizokuwa maongezi yake ya wiki. Nilikuwa nikizima cherehani ili asikike vizuri, lakini sikuwahi kumwambia.

Sasa maandishi ya mfumo ule yanagawanyika matawi, yaani matoleo, kila moja na njia yake. Tawi la zamani ndilo lililokuwa kwenye kobe, na lilikuwa linafungwa. Watu wote walikuwa wanahamia tawi jipya. Simu ambayo mtunzaji wake hataihamisha inatoka kwenye orodha, na yeye anatoka nayo. Remi akahangaika nalo miezi miwili, hadi tawi jipya likakubali kukaa kwenye kobe. Alijaribu kupiga, kupokea, kutuma ujumbe, redio, tochi, vyote vikaenda. Siku ya mnada, ambao huku ni mara mbili kwa mwezi, wafugaji wakaja, akawabadilishia. Alhamisi ile walimpongeza, na nilimsikia akicheka. Cheko lake nilikuwa silijui.

Mnada uliofuata alikuja Naishorua. Mama mtu mzima wa Endulen, mrefu, shanga zimejaa shingoni hadi kifuani. Namjua kwa sababu shuka zake nazipinda mimi. Safari hii hakupita kwangu. Aliingia moja kwa moja kwa Remi, akaweka kobe yake mezani.

"Takwenya, Yeyo," Remi akamwamkia kwa Kimaasai, kama mtoto kwa mama yake.

"Iko," akaitikia, bila kukaa. "Wewe unaona ndani ya simu. Angalia kama mtoto wangu amekufa."

Niliacha kitambaa kwenye sindano nikazunguka mlango wa pili.

Mtoto mwenyewe ni Moringe, mlinzi wa duka la dawa huko Mtwara. Mama alieleza taratibu, Kiswahili chake akikichagua neno kwa neno. Kila jioni, ng'ombe wakiingia bomani, Moringe anabipu. Simu inalia mara moja, inanyamaza. Hiyo ni salamu. Mama naye anambipu mara moja, ndiyo kuitikia. Miaka minne hawajakosa hata siku moja. Sasa zilikuwa siku kumi na nane, kimya.

"Kwa nini hukumpigia wewe, Yeyo?" Remi akauliza.

Mama alimtazama kama mtu aliyekosa malezi. "Mimi ni mama yake. Mtoto ndiye analeta kichwa kuamkia, mzazi anagusa. Nitaanzaje mimi kusalimia mtoto? Akikaa kimya, anaumwa, au amekufa, au amenikataa. Mimi nimesema amekufa, hiyo inaniuma kidogo kuliko kunikataa." Akashika shanga zake kwa mikono yote miwili. "Kwetu mama aliyefiwa anavua shanga. Niambie nivue hizi, au nisivue."

Mimi, Mama Sifa, nina watoto watano na mume anayekoroma, na siku nyingine natamani wote wapotee hadi Jumatatu. Siku ile niliwahesabu kichwani, mmoja mmoja.

Remi aliichukua simu. Aliminya huku na huku, akafika mahali, akasimamisha kidole. Nilichungulia begani kwake. Palikuwa na orodha ya namba moja tu, imejirudia ukurasa mzima. Tawi jipya lina ulinzi: simu inayoita mara moja na kukatika linaihesabu kuwa ya matapeli, haliiachi ilie wala halikuonyeshi. Ikirudia siku kadhaa, linaifungia namba kabisa, hata ikipiga kwa kirefu. Moringe alikuwa amebipu kila jioni. Baadaye akapiga. Akapiga asubuhi, akapiga mchana, siku moja alipiga mara tisa.

Kabla ya kuwabadilishia, Remi alikuwa amejaribu kila kitu kwenye kobe isipokuwa kubipu. Jambo hilo halikumjia kichwani. Huku kila mtu anabipu, wachumba, wakwe, wauza vitunguu, hata padri. Yeye hakuna anayembipu, wala hana wa kumbipu.

"Yuko hai, Yeyo," alisema, sauti ikiwa chini sana. "Amekuita siku zote hizi. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Aliifungulia namba, akapiga, akampa mama simu. Naishorua aliiweka sikioni. Tulisikia kijana akiita upande wa pili, halo, halo, na mama hajibu. Alikuwa anangoja. Mpaka Moringe alipomwamkia kama inavyotakiwa, ndipo akaitikia, kisha akakaa chini sakafuni katikati ya makava na nyaya, akalia hadi shanga zikalia naye. Remi alisimama ameegemea ukuta wangu, hajui aweke wapi mikono.

Jioni ile aliwaandikia wenzake. Walimjibu kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. Walisema kwao simu ya namna hiyo ni ya wezi: ukiipigia kurudisha unaibiwa salio. Ulinzi umejengwa ndani ya tawi jipya, na simu yoyote iliyo kwenye orodha lazima iwe nao. Tawi jipya nalo ni zito, kila likirekebishwa linapikwa upya kwenye mashine zao kubwa, kompyuta ya Remi hailiwezi. La zamani analiweza mwenyewe, siku mbili mfululizo kama umeme upo. Lakini akibaki nalo yuko peke yake. Matundu ya usalama atayaziba mwenyewe, moja moja, bila wa kumkagua. Na orodhani hayumo tena.

Alikuja akasimama mlangoni kwangu, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Mama Sifa, ungekuwa wewe ungechagua lipi?"

Nilimjibu vibaya, nakiri. Nilimwonea huruma yeye, si wale wafugaji. "Wanunue simu nyingine," nikasema. "Wewe una nini kingine, Remi? Usiwaache watu wako wa Alhamisi kwa ajili ya bipu."

"Kobe ziko arobaini na mbili," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna akina Moringe wengine." Akageuka kurudi, halafu akasimama. "Ila Alhamisi nitaikosa."

Hilo ndilo lalamiko pekee nililowahi kulisikia kutoka kinywani mwake.

Alhamisi alivaa shati lake. Nilizima cherehani. Akawaambia, kwa Kiingereza chake cha taratibu ambacho hata mimi wa darasa la saba nakifuata, kwamba kobe inabaki tawi la zamani na yeye anabaki nayo. Wakamshukuru, mmoja mmoja, zaidi ya watu kumi. Nilitegemea kuna atakayembembeleza. Kisha wakaendelea na simu inayofuata, maana mkutano una ajenda. Wiki iliyofuata jina lake halikuwepo.

Aliwarudishia wafugaji tawi la zamani kwa minada mitatu. Siku hizo pale mlangoni kwake palikuwa na shuka nyekundu kama sikukuu. Kila simu aliijaribu kwa kubipu kutoka ile ya kwake, mara moja, kisha anasubiri mwenye simu ambipu. Kwa minada hiyo mitatu simu yake ilibipiwa kuliko miaka yote aliyoishi. Naishorua alichukua ya kwake, akambariki kwa Kimaasai, akapanda gari la Endulen na shanga zake zote shingoni.

Basi, wateja wakaisha. Kobe zinafanya kazi, na mtu ambaye simu yake inafanya kazi hana safari kwa fundi. Jioni ng'ombe wa Endulen wanaingia, Moringe anabipu, mama anaitikia, na hakuna hata mmoja kati yao anayemkumbuka Remigius, wala hawana sababu. Yeye yuko hapa anafagia. Alhamisi saa kumi inafika, inapita, nasikia anavyokaa kwenye kiti na kutofanya lolote. Naendelea kushona kwa nguvu, maana ule ukimya unanichoma.

Alhamisi iliyopita nilishindwa. Nilichukua simu yangu nikazunguka mlango wa pili, nikakaa kwenye benchi.

"Haishiki mtandao vizuri," nikamwambia.

Akaipokea, akafungua kava, akapuliza, akasafisha kwa brashi, akaiwasha, akaangalia muda mrefu.

"Haina tatizo, Mama Sifa."

"Angalia tena," nikasema. "Mimi sina haraka."

Alinitazama. Najua alijua. Akashika brashi, akaanza kuifungua simu upya.