Mwanamke Aliyechora Magugu

Ofisini walimwita Mama Magugu, naye aliitika. Mtoto hakuwa naye. Umama wenyewe aliupatia kazini. Kwa miaka ishirini na mitatu aliketi katika chumba cha mwisho cha ofisi ya kilimo, meza kaisogeza hadi dirishani, akichora kwa kalamu ya wino mimea ambayo wakulima walitakiwa kuing'oa. Michoro ilichapwa kwenye vijitabu vikapelekwa mashambani, ili mtu amjue adui yake kwa sura.

Shida ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na ugomvi nayo. Ndago ikiletwa na udongo wake, aliiosha polepole kama anayeogesha kichanga, akaitandaza juu ya karatasi nyeupe, akaitazama kwa lenzi karibu asubuhi nzima kabla ya kugusa kalamu. Kishonanguo, kile kinachong'ang'ania nguo za watu, alikichora mbegu moja moja.

"Dada, ungeona vimeno vyake," alimwambia dada yake mkubwa, mjane aliyekuwa akiishi naye. "Utadhani vimepimwa na sonara."

"Mimi naviona kila siku kwenye sketi yangu," dada akajibu. "Hebu kula."

Safari moja alichora kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya mpaka yanakauka yakiwa yamesimama. Maua yake ni ya zambarau. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa. Mkuu wa idara aliushika mchoro mbali kidogo na uso, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haifai."

"Nimekosea wapi, mkuu?"

"Hujakosea. Imependeza mno. Mkulima akiiona ataipanda kwenye chungu aiweke sebuleni!"

Chumba kizima kilicheka, naye akacheka nao. Mkuu akachukua kalamu nyekundu, akapiga mistari miwili mikubwa, pembe hadi pembe, juu ya maua. "Sasa ataelewa," akasema. Ndivyo kilivyochapwa.

Kisha zikaja kamera, na mkuu mpya. Mama Magugu akahamishiwa masijala kupanga mafaili. Michoro yake, zaidi ya mia nne, ikafungiwa stoo. Alipoiomba aende nayo nyumbani, aliambiwa ni mali ya ofisi, hata ile penseli aliyoanzia. Kwake alikuwa na michoro michache ya majaribio, akaipeleka kwa mwenye ukumbi wa maonyesho. Yule bwana aliipekua kwa adabu.

"Mkono unao, mama. Lakini nani atatundika magugu ukutani? Niletee simba."

"Simba sijawahi kumwona," akasema, akaifunga bahasha yake.

Mwaka uliofuata kidole gumba cha kulia kilianza kutetemeka, baadaye mkono mzima. Daktari hakumficha: dawa zingepunguza, zisingeponya.

Paa la stoo lilivuja misimu miwili bila mtu kufungua mlango. Walipofungua, wakamwita yeye aje kutenganisha kinachofaa. Hakikuwepo. Karatasi zilikuwa zimegandamana kuwa matofali laini yenye kunuka. Alitumia kisu cha kukatia karatasi kubandua moja. Chini yake kilikuwa kiduha, nusu kimeliwa na kuvu.

Akatoa lenzi. Kuvu ile ilikuwa imesimama vijiti vyembamba kuliko unywele, maelfu, kila kimoja na kichwa cha kijivu, na juu ya baadhi yavyo kitone cha maji kilichobeba dirisha zima. Akainama hadi mgongo ukamuuma.

"Njoo uone," akamwita mtunza stoo.

Mtunza stoo akachungulia mara moja. "Uchafu tu, mama. Usivute hewa yake, utaugua kifua."

Mtunza stoo alipotoka, Mama Magugu akageuza fomu moja kuukuu, akashika penseli. Mstari ukaenda upogo. Akajaribu tena, safari hii mkono wa kushoto umeushika wa kulia kwenye kifundo. Mara ya tatu penseli ilitoboa karatasi. Akaiweka chini.

Michoro ilitolewa kwa toroli ikachomwa nyuma ya jengo. Ilikuwa imelowa, ikafuka tu moshi mchana kutwa. Akaletewa karatasi ya kuthibitisha uteketezaji, akasaini. Karani akalinganisha na faili lake, akakunja uso.

"Hii ndiyo saini yako kweli?"

"Ndiyo niliyonayo siku hizi."

Nyumbani dada alimuuliza kama ameokoa hata mchoro mmoja. Akasema hapana.

"Pole, mdogo wangu. Michoro yote ile!"

"Si hiyo inayoniuma, dada. Kuvu yenyewe ilikuwa nzuri. Nzuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora. Nimeiona peke yangu, na kesho watapaka stoo chokaa."

Dada alivuta sahani ya mdogo wake, akaanza kumkatia mkate vipande vidogo, vya kutosha kushikwa na mkono unaotetemeka.