Kola Niliyomfumia Mama

Mimi hufuma sweta. Hapa Butembo, kwenye baridi ya milimani, tunaziita triko, na mtu anayetoka nje alfajiri bila triko tunajua ni mgeni au amelewa. Mashine yangu iko karibu na dirisha linalotazama barabara. Kwa sehemu kubwa ya mwaka inanilisha kwa triko za wanafunzi: za bluu, za kijani, za rangi ya damu ya mzee, kila shule na yake. Lakini kazi ninayoipenda ni ya wanawake wa rika langu na wanaonizidi. Hao wanakuja na ubishi, na mimi ubishi naupenda.

Mwanamke akishapita miaka hamsini, anaingia kwangu na kuagiza kwa sauti ya chini, utadhani anaungama. "Unifanyie triko ya bamama bazee." Namuuliza rangi gani. "Ata kahawia. Ao gris," yaani kijivu. Hapo damu inanichemka. Nani aliyezigawa rangi kwa umri? Namkalisha dirishani kwenye mwanga, namwekea uzi chini ya kidevu, mmoja baada ya mwingine, nampa na kioo. Kahawia aliyoitaka inamfanya aonekane katoka kulazwa. Nyekundu ya pilipili iliyoiva inamrudisha. Nyeusi karibu na uso inazidisha makunyanzi, na tena nyeusi tunaivaa vya kutosha kwenye matanga. Wengi wanabisha, wanajitazama mara ya pili, kisha wanalipa na kuondoka na nyekundu yao.

Halafu kuna shingo, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Mwenye shingo fupi na kifua kikubwa nampa kola ya V, naye anarefuka papo hapo. Mwenye mabega yaliyoshuka nampa shingo pana ya kutoka bega hadi bega. Aliyekonda mpaka mifupa ya koo imetokeza nampa ya mviringo, isiyobana. Kola ya kukunja, ile inayopanda mpaka masikioni, nawakataza karibu wote, kwa sababu inameza shingo na kukiacha kichwa kimekaa juu ya mabega kama sufuria juu ya mafiga. Maneno hayo nimeyasema miaka mingi, kwa sauti kubwa, mbele ya wateja. Na nyuma yangu mama yangu mzazi amekaa akimenya viazi, amevaa kola ya kukunja. Hakuna mteja aliyethubutu kuniuliza.

Mama anakaribia miaka themanini. Alizaliwa upande wa Luofu, milimani, na tangu ujana alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Haukumsumbua mpaka alipofika uzeeni, ukaanza kumbana pumzi. Miaka kumi na minne iliyopita alipasuliwa, akapona. Likabaki kovu: mstari mnene unaong'aa, umekata koo kutoka upande huu hadi ule. Siku ya kutoka hospitali nilimpelekea triko mpya ya kahawia, kola ya kukunja, niliyoifuma kwa siku mbili bila kupumzika. Nilimvika akiwa bado amekaa kitandani. Tangu siku hiyo hakuvaa kola nyingine. Kila ilipochakaa alisema, "Unifanyie ingine ya vile," nami nikafuma. Niliamini analionea haya kovu lake, na nikajiona binti mwema kwa kutomuuliza.

Mwaka jana binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Beni, akachumbiwa. Kijana ni wa familia iliyotoka Mbau, wakulima waliohamia mjini baada ya mashamba yao kuacha kuwa salama. Kwetu mahari ni mbuzi, na katika ukoo wetu mbuzi mmoja ni wa nyanya aliyemzaa mama wa bibi harusi. Huyo hafungwi pamoja na wengine. Nyanya anasimama mbele ya pande zote mbili, anapokea kamba kwa mkono wake mwenyewe, anamvuta mbuzi hatua chache, na hapo ndipo vigelegele vinapopigwa. Nyanya aliye hai asipofika, watu wanaondoka wakinong'ona kwamba binti ameolewa bila baraka.

Beni si mbali, lakini ni bondeni na jua lake halina huruma. Mama alilifikiria jambo hilo siku mbili. Jumapili, tuliporudi misani, akanitangazia.

"Mimi sitaenda Beni. Ile jua na hii kola, nitaanguka mbele ya bakwe. Mudogo yangu ataenda pa fasi yangu, apokee kamba."

"Lakini Mama, unaweza kuvala nguo ya shingo wazi."

Alishika kola kwa vidole viwili, akaipandisha mpaka kidevuni, akaenda jikoni.

Nilimpigia binti yangu simu kumweleza, nikidhani ataelewa. "Mukaka njo alinikomesha," akasema. Mukaka ni nyanya, kukomesha kwetu ni kukuza, na maneno yake yalikuwa kweli: mimi nilikuwa mashineni kutwa, mama ndiye aliyemlea. "Kama hakuye, bakae na mbuzi yabo. Mimi siolewe." Nilijaribu kucheka. Yeye hakucheka. Ana kichwa kigumu, na najua alikokitoa, kwa hiyo niliogopa kweli.

Basi nikaamua kumshinda mama kwa ufundi. Nilitafuta kwenye makapu yangu, nikapata uzi mwembamba wa rangi ya damu ya mzee, masalio ya kazi za shule. Nikafuma triko nyepesi, shingo ya mviringo iliyopanda kiasi cha kufunika kovu bila kukunjwa. Nilifuma jioni mbili nikiongea na binti yangu kwenye simu, nikimbembeleza, mikono ikienda yenyewe. Mama aliipokea, akaigeuza huku na huku, akasema si mbaya. Asubuhi iliyofuata akaivaa kwenda misa.

Wakati huo ndio watoto wanapopanda kwenda shule ya parokia, mtaa wa juu yetu. Wa kwanza aliyemwona alisimama akapiga kelele: "Muangalie, mukaka eko na uniforme yetu!" Wakamzunguka. "Mukaka, uko mu classe gani?" Wakamsindikiza kwa shangwe mpaka kwenye lango la shule, na mwalimu aliyekuwa akiwapanga mistari akashindwa kujizuia kucheka. Nilikuwa nimemfumia mama yangu triko kamili ya shule ile: rangi ile, shingo ile, hata mistari miwili myeupe kwenye mikono. Nimeifuma kwa miaka kumi na moja, na vidole vyangu viliiweka mistari ile bila kuniomba ruhusa.

Nilimngoja mlangoni nimejiandaa kutukanwa. Alifika akiwa ameshika ubavu kwa kicheko. "Baniweka mu première, classe ya kwanza! Mwalimu anasema kesho nilete kalamu." Alicheka mpaka akaegemea mlango, na alipotaka hewa aliivuta ile shingo chini kwa vidole, koo lote likawa wazi. Kisha akanitazama mimi. Akakumbuka, akalifunika tena. Nilishangaa kwa nini alinitazama kwanza.

Siku hiyo hiyo nilimkalisha dirishani. Naona aibu kuandika kwamba ilikuwa mara ya kwanza. Wanawake wa nusu ya mji huu wamekaa kwenye kiti kile, mama yangu kamwe, maana nilishajua yeye ni wa kahawia. Nilimwekea bluu chini ya kidevu, ikamkausha. Kijani cha majani ya muhogo kikamfaa kidogo. Yeye mwenyewe akainama kwenye kapu, akatoa uzi wa pamba wa rangi ya papai lililoiva, akajiwekea. Uso wake ukawaka. Na mimi, mwalimu wa watu, nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Mama, ile ni ya babinti."

"Weye njo unasemaka rangi haina miaka. Ao unasemaka vile kwa bateja tu?"

Nikachukua utepe wa kupimia, nikaanza kumpima shingo. "Nitaipandisha mpaka hapa," nikamwambia, "kidogo tu, ifunike."

"Ifunike nini?"

"Kovu, Mama."

Alinishika mkono, utepe ukiwa bado shingoni mwake. "Mimi nilisemaka ifunikwe siku gani?"

Nilitafuta siku hiyo. Nilitafuta miaka yote kumi na minne, sikuipata.

"Ile siku ya kutoka ku hôpital," akasema, "nilikuwa na furaha. Nilikuwa napumua muzuri. Weye ukafika na triko, ukanivalisha mbio mbio kabla batu baingie, hata haukuniangalia ku shingo. Nikasema, kumbe mutoto yangu anasikia haya. Basi nikavala."

"Miaka yote hii?"

"Si ulikuwa unaendelea kufuma?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ningependa kuandika kwamba alikosea. Hakukosea. Wakati ule nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua kazi yangu mwenyewe, baada ya miaka ya kufumia wengine, na niliogopa kwamba wanawake wanaokuja kwangu kutafuta kupendeza watamkuta mama na shingo iliyoshonwa, wapoteze hamu. Nilijiambia namlinda yeye. Nilikuwa najilinda mimi, na yeye aliliona jambo hilo kitandani, akanibebea bila kunilaumu. Nilipiga magoti pale kwenye mabaki ya nyuzi, nikamwomba msamaha nikilia. Aliniacha nilie kidogo, halafu akanigonga begani.

"Pima sasa. Tunachelewa."

"Niishie wapi, Mama?"

Aliweka kidole chini ya kovu, upana wa vidole viwili. "Hapa."

Nilimfumia V, nyembamba na safi, pamba tupu. Kabla ya kila mstari nilihesabu mara mbili, nisije nikampeleka tena shule ya msingi. Nilimpigia binti yangu kumwambia mukaka anakuja, akapiga kelele hadi wanafunzi wake wakasikika wakimuuliza kuna nini.

Huko Beni tulifika kabla ya saa sita, uani kumejaa viti na maturubai, jua limesimama juu yetu. Wanawake wote walikuwa na vitenge vipya. Mama alivaa kitenge chake na juu yake triko ya rangi ya papai, kwa sababu mwanamke wa Butembo wa umri wake hawezi kutoka bila triko hata akipelekwa jehanamu. Watu walimtazama. Walitazama rangi, kisha macho yao yakashuka kwenye koo. Nilikuwa nyuma yake. Sitadanganya: yale mazungumzo ya dirishani hayakuwa yamenitoa woga wote.

Mama wa bwana harusi alikuja kumsalimia. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, amejifunga kitambaa kizito shingoni katika joto lile. Alimpa mama mkono, akakaa naye, akashindwa kuvumilia.

"Mukaka, mutanisamehe. Ku shingo mulipata nini?"

Nilifungua mdomo nijibu kwa niaba yake. Mama alinitangulia. Aliinua kidevu ili yule mama aone vizuri, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Njo hapa nilipona."

Yule mama alitupa jicho huku na huku. Kisha akalegeza kitambaa chake kidogo, kiasi cha mama peke yake kuona, na mimi niliyekuwa nyuma. Alikuwa na uvimbe, mdogo bado, wa ukubwa wa limau.

"Inaumaka sana?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Siku za kwanza, ndiyo. Kisha unapumua." Mama akamshika goti. "Kuya Butembo. Utalala kwetu. Mimi njo nitakupeleka."

Wakaanza kuongea vichwa vikiwa karibu, kuhusu daktari, kuhusu chakula, kuhusu namna ya kulala, mpaka msemaji wa upande wa pili akaita mara mbili kwamba zamu ya nyanya imefika. Mama alisimama. Mbuzi alikuwa dume jeusi lenye ukaidi, na mama alipopewa kamba, mbuzi hakusogea. Watu wakaanza kucheka. Mama alikunja mikono ya triko, akaishika kamba kwa mikono miwili, akarudi nyuma na kuvuta, kidevu juu, mishipa ya koo imesimama na lile kovu liking'aa juani mbele ya ukoo wote wa wakwe. Mbuzi akakubali hatua moja, kisha tatu. Binti yangu alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele, akaacha kiti chake cha bibi harusi, akaenda kumkumbatia.

Nilipiga vigelegele na wengine huku nikilia, sikujali nani ananiona. Mama yangu ana shingo ndefu, nzuri. Miaka kumi na minne nilikaa naye chumba kimoja, mimi ninayetafuta maisha kwa kuzitazama shingo za watu, na yake sikuwa nimeiona.