Siku Niliyoitikia Hodi Katikati ya Vurugu

Nyanya iliyopondeka kwenye lami ya moto ina harufu yake: chachu kidogo, tamu kidogo, na haitoki puani upesi. Mpaka leo nikipita Ilula, nilikokulia, na basi, hufunga kioo hata joto liwe kali vipi. Abiria wenzangu huninunia. Wacha wanune.

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba neno vurugu limetokana na kuvuruga. "Kama unavyovuruga kisima kwa mti," alisema, "tope linapanda, huoni kitu." Tulicheka, maana kwetu kuvuruga kisima kulikuwa mchezo, na malipo yake fimbo ya bibi. Vurugu zenyewe nilizisikia redioni tu, nikaamini zinafanywa na watu wa aina fulani wanaoishi mbali, wasio na mama.

Zilitufikia mchana mmoja, msimu wa nyanya. Mnunuzi mwenye lori alitaka matenga yajazwe lumbesa, nyanya zipande kichuguu juu ya tenga, kwa bei ileile. Mkulima mmoja akakataa, wakasukumana, tenga likaanguka. Basi. Kufumba na kufumbua, mawe yalikuwa yanaruka. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara na ndoo zake, akiwauzia abiria. Mimi nilikuwa stoo kwa jirani yetu, Mama Tumaini, nachambua nyanya mbovu.

Mama Tumaini alifunga mlango, akatia komeo, akasukumia matenga nyuma yake. Stoo haikuwa na dirisha. Nikalia kwamba nataka kwenda kwa mama.

"Uende wapi, we mtoto? Kaa hapa!"

Alinibana kifuani, jasho lake likanitiririkia usoni, huku mawe yakigonga bati juu yetu. Nilitega sikio niisikie sauti ya mama katika zile kelele, nikaikosa. Sijawahi kuogopa namna ile tena.

Kisha mlango ukagongwa. "Hodi," ilisema sauti ya mwanamume. "Hodi jamani."

Mama Tumaini alibana pumzi. Sasa niwaambie: mama yangu hakuwa na mchezo na adabu. Mtu akipiga hodi kwetu asijibiwe, tulichapwa sote, mwenye kosa na asiye nalo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akisema huku anachapa. Kwa hiyo mdomo wangu ulitangulia akili.

"Karibu!" nikaitika.

"Umetuua," Mama Tumaini akaninong'oneza.

Lakini mlango haukuvunjwa. Yule mtu alisimama nje akingoja kufunguliwa, kama mgeni yeyote. "Mama, fungua. Nimemleta mwenzenu, ameumia."

Mama Tumaini alisogeza matenga, akafungua. Aliyebisha alikuwa Ayubu, kijana mpakiaji wa palepale sokoni, amembeba mama yangu mgongoni, damu ikimtoka mama kichwani na kumlowanisha Ayubu shati. Walimfunga jeraha kwa kanga, na mawe yalipotulia Ayubu huyohuyo akampeleka hospitali. Mama alishonwa, akapona.

Tangu hapo Ayubu alikuja kwetu kila Jumapili baada ya ibada, akatupasulia kuni. Mama akimwambia akae ale, alisema ana haraka, macho chini. Mimi nilimtania kwamba anayaogopa makande yetu. Hakucheka.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza mama kisa cha zile kuni. Alikuwa akichagua maharage, hakuinua uso.

"Jiwe lilikuwa lake," alisema. "Nilimwona analirusha. Hakunilenga mimi. Nilipoanguka, alilia kama mtoto."

Nilikasirika, tena sana. Miaka yote hiyo nimemchekea! Hasira iliposhuka ndipo nilipoona kilichonipita siku ile, nilipodhani wenye vurugu wako nje na sisi tuko ndani. Katika watu wote waliojaa barabarani, aliyembeba mama ni yuleyule aliyempiga. Ningejua ni nani anayebisha, nisingeitika. Na mama angefia pale nje, mlango wetu ukiwa umefungwa vizuri.