Nukta Tatu Kando ya Namba

Baba yangu hakuwaamini mafundi wa Butembo hata kidogo. Kila mwenye gari mjini alijua kwamba ukiliacha garajini asubuhi, jioni unaweza kurudishiwa likiwa na injini ya mtu mwingine. Kwa hiyo alichukua nyundo na msumari mgumu wa chuma, akagonga nukta tatu kwenye injini ya pikapu yake, kando ya namba ya kiwandani. Wenzake walikuwa na alama zao, msalaba au herufi. Yeye alichagua nukta, akisema hata kipofu angezisoma kwa kidole.

Baba alipofariki, ndugu zangu waliiuza pikapu. Wakati huo sikujali. Nyumba ilikuwa bado imejaa watu. Siku hizi mke wangu naye amekwisha kuzikwa, watoto wamehamia Kampala, na jioni baridi ikishaingia nasikia saa ya ukutani tu. Naichukia saa ile. Basi niliposikia kwamba pikapu inauzwa Beni, nilitamani tena ule mngurumo uliokuwa ukitutoa sote mbio hadi langoni, baba amefika. Nitainunua, nilijiambia, ila injini iwe ileile.

Muuzaji, mfanyabiashara wa kakao mtaani Mulekera, humohumo Beni, alinifungulia boneti kwa mbwembwe.

"Moteur ni ya kwanza, grand. Hapana mutu alishaigusa."

Nikapangusa grisi kwa kitambaa. Namba haikulingana na namba ya injini iliyo kwenye kibao cha kiwanda, chini ya boneti. Nikapapasa kando yake: laini tupu.

"Hii si yenyewe," nikasema.

Akacheka bila haya. "Bon, grand, umeniweza. Ya kwanza ilichoka kupanda milima. Tuliiuzisha kwa mama moja wa moulin, ku Bungulu. Kule inasaga tu."

Nikapanda pikipiki hadi Bungulu. Kinu kilipokaribia nilimsimamisha dereva, nikatembea nikiufuata mlio. Ndani ya kibanda injini ilikuwa imefungwa kwenye sakafu ya saruji, mkanda wake ukizungusha kinu, na wanawake wamejipanga na mabeseni ya muhogo mkavu, wakizungumza kwa kupigiana kelele. Nikainama, nikafuta unga. Namba ilikuwa ile ya kibao, na kando yake nukta tatu. Chuma kilichoma, lakini sikutoa kidole upesi.

"Papa, unaleta nini ya kusaga?" akaniuliza mwenye kinu.

"Hapana kitu, mama. Nilikuja kuona moteur. Ilikuwa ya baba."

"Inatumika muzuri sana, aksanti. Lakini hapa ni rang, mustari ya wenye kusaga. Kama hauna kitu, upishe bamama."

Hakusema kwa ubaya. Nikatoka. Ningeweza kurudi Butembo wakati uleule. Badala yake nikaenda kwa muuza muhogo kando ya barabara, nikanunua kipimo cha bakuli moja, nikatiliwa mfukoni, nikarudi kusimama nyuma ya mstari. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akachungulia mfuko wangu.

"Kidogo hivi, papa? Muko bangapi ku nyumba?"

Injini ilikuwa inanguruma, ikabidi nipaze sauti.

"Niko peke yangu!"

Akanitazama, kisha akavuta beseni lake pembeni. "Pole, papa. Basi pita mbele, yako itaisha mbio."

Nikakataa. Nikamwambia sina haraka.