Miche ya Nyanya Dirishani

Nikigusa miche ya nyanya niliyootesha kwenye vikombe dirishani, hapa Newburg ughaibuni, vidole hubaki na ile harufu kali, nami huwa mtoto tena katika kambi ya wakimbizi. Siku moja Mama aling'oa miche, akaifunga kwenye jani la mgomba pamoja na udongo wake mbichi, akanituma kwa jirani.

"Mama, mbona unampa iliyonenepa?" nilinung'unika.

"Yetu ikifa, tutaomba wapi?"

Jirani aliipokea kwa mikono miwili. Jani halikurudi tupu. Alilijaza mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu.

Nje theluji ya mwisho inayeyuka. Jirani wa mlango wa pili namjua kwa gari lake tu. Nimeotesha vikombe kumi na viwili, na kibaraza changu kinatosha miche miwili tu; iliyonenepa si yangu.