Bomba Lisiloshikwa Ukutani

Mimi nikichomelea kitu, nakwambia mapema kwamba hakitavunjika. Wengine wanasema ni majivuno. Sawa, ni majivuno, lakini zunguka Matisi uangalie mageti yangu, uangalie trela za trekta zinazobeba mahindi msimu baada ya msimu, kisha urudi unishtaki. Kwa hiyo nikisema kuna bomba moja, refu kama mkono wangu, lililonitia aibu mara mbili, ujue sisemi kwa kupenda.

Bomba lenyewe lilikuwa la gari la mashindano. Mwenye gari aliuza dawa za mifugo huko Misikhu, mtu mpole ambaye siku za kazi hapazi sauti hata kwa ng'ombe, lakini Jumamosi huvaa helmeti na kuzunguka kama mwendawazimu kwenye uwanja wa vumbi uliochongwa katika shamba la mtu nje ya Kitale. Injini yake alikuwa ameifunga turbo, ule mtambo wenye umbo la konokono unaozungushwa na moshi wa injini ili usukume hewa zaidi ndani. Turbo ni nzito, na bomba linaloishikilia kwenye injini hupata moto mpaka linakuwa jekundu. Mabomba mawili ya kununua yalikuwa yamempasukia.

"Fundi, nasikia ati chuma yako haipasukangi," akaniambia.

"Haipasukangi," nikamjibu.

Nikaenda Bungoma kwa wauza vyuma chakavu, nikachagua kona za bomba la mvuke, nene, zilizokwisha kuteseka kiwandani bila kulalamika. Nikazikata, nikazipanga juu ya flenji, ile sahani ya chuma inayofungwa kwenye injini kwa bolti, nikazichomelea polepole, kidogo huku, kidogo kule, ili chuma kisijikunje. Halafu nikaweka mguu wa flatibaa, kipande bapa cha chuma, kutoka kwenye turbo hadi kwenye bodi ya gari, nikaukaza kwa bolti mbili. Mwisho nikachukua nyundo na panchi, kile chuma chenye ncha cha kugongea alama, nikagonga nukta tatu kando ya mshono.

Nukta hizo si zangu. Ni za mzee wa Tongaren aliyenifundisha kazi, ambaye namwita baba ingawa hakunizaa. Karibu maisha yake yote alitengeneza mashine za kusaga mahindi, na kila alichokiamini alikigonga nukta tatu. Ukiziona, ulijua kwamba kitu hicho kikivunjika atakuja mwenyewe kukirekebisha, mvua inyeshe isinyeshe. Macho yalipoanza kumfifia alinipa ile panchi mbele ya mke wake, akaniambia, "Usigonge kwa kitu unaogopa." Nililia siku hiyo, na sioni haya kusema.

Pamoja na panchi alinipa sheria yake kubwa: moshi ushikwe ukutani. Mtu yeyote wa posho mili, yaani mashine ya kusaga, anaijua. Bomba la moshi lisiposhikwa kwenye ukuta litatikisika mpaka livunjike shingoni. Ndiyo maana niliweka ule mguu wa flatibaa. Kwangu mimi, bodi ya gari ndiyo ilikuwa ukuta.

Lilipasuka siku ya kwanza ya mazoezi, kando ya flenji, karibu kabisa na nukta.

Nikalitia kwenye gunia, nikaenda nalo Tongaren. Baba akapitisha kidole gumba juu ya ufa, mwanzo hadi mwisho, kama anayesoma barua. "Hukukaza," akasema. "Moshi ishikwe ukutani. Ongeza flatibaa ingine." Sikubisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yangu bado naihitaji. Nikatengeneza bomba jipya, nikaliwekea miguu miwili na bolti nne, nikagonga nukta tena, safari hii kwa hasira.

Likapasuka haraka kuliko la kwanza. Nilikuwa nimesikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Mteja wangu alikuja akasimama mbali kidogo na meza ya kazi. "Fundi, usiskie vibaya," akasema. "Kuna jamaa wa Nairobi amesema anaweza. Na mbio ni Jumamosi ingine."

"Niachie gari mpaka Alhamisi."

"Na ikipasuka tena?"

"Ikipasuka tena, hii panchi nairudisha Tongaren, na mimi nibaki na mageti."

Maneno yalitoka kabla sijayapima, lakini yalipokwisha kutoka nikajua ni ya kweli. Nisingeweza kupasua jina la yule mzee mara tatu na kuendelea kulibeba mfukoni. Mteja hakujua panchi ni ya nini. Aliniangalia usoni tu, akaniachia ufunguo.

Kesho yake alipopita nilimwomba aketi kwenye usukani, nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: sikushika chombo chochote. Nilifungua boneti, nikalala juu ya gunia kando ya gurudumu la mbele, nikamwambia akanyage mafuta na kuachia, akanyage na kuachia.

Injini iliinuka. Upande wake mmoja ulipanda na kushuka, kama ng'ombe anayejaribu kusimama, na bodi ikabaki palepale. Ni ile mipira! Injini ya gari hukaa juu ya mipira. Ya posho mili imefungwa kwenye simiti, haiendi popote, na ukuta nao hauendi popote. Hapa nilikuwa nimeifunga turbo kwa injini inayoruka na kwa bodi iliyotulia, halafu nashangaa shingo inavunjika. Kila nilipokaza zaidi, niliivunja mapema zaidi. Nilicheka pale chini mpaka mteja akazima injini akidhani nimeumia.

Nikaitupa ile miguu miwili. Bomba la tatu nililipa mguu mmoja mfupi, kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini yenyewe, ili viruke pamoja. Tundu la bolti nililichonga refu kama tundu la kifungo, chuma kikipata moto na kurefuka kiwe na pa kwenda. Ekzosti, lile bomba la moshi linaloshuka kuelekea nyuma, niliikata, nikaiunga kwa kipande cha bomba la kujikunja. Hakuna kilichogusa ukuta. Nilijua ni sawa, kama ninavyojua jina langu. Lakini sikugonga nukta. Ningewekaje alama ya mtu kwenye kazi inayovunja sheria yake?

Jumamosi nilisimama kwenye seng'enge na vumbi mpaka kwenye meno, nikahesabu kila mzunguko. Alimaliza mbio katika nafasi ya tano, akashuka akirukaruka kama mshindi. Sikumpa hata mkono. Nilimwambia afungue boneti, nikangoja chuma kipoe, nikapita na tochi na kidole kwenye kila mshono. Hakukuwa na ufa wowote. Hapo ndipo nilipomkumbatia, na helmeti yake kichwani, kisha nikamwomba aniazime lile bomba kwa siku moja.

Baba alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Nikamwekea bomba mapajani. Kidole gumba kikapita mshono hadi mshono, kikashuka kwenye ule mguu mfupi, kikatafuta mwisho wake.

"Hii mguu inaenda wapi?"

"Kwa injini, baba."

"Na ukuta?"

"Haigusi ukuta. Injini ya gari inaruka, baba. Si kama ya posho."

Akaligeuza bomba mapajani. "Imekimbia?"

"Imemaliza mbio yote. Haijapasuka."

Akarudi kwenye mshono, akapapasa mahali pa nukta, akakosa. "Mbona hukugonga?"

"Si nilikataa maneno yako."

Nikatoa panchi na nyundo kwenye gunia, nikamwekea mkononi. Nilitaka agonge mwenyewe, au aichukue panchi yake abaki nayo. Nilikuwa tayari kwa yote mawili na niliyaogopa yote mawili.

Akanirudishia. "Mimi singetengeneza hii," akasema. "Ningeifunga mpaka kesho, na ingepasuka mpaka kesho. Hii si yangu. Gonga yako."

Sikuwa na yangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kwamba ningehitaji kuwa nayo. Nikaliweka bomba juu ya kizingiti, nikagonga tatu zake, kisha nikagonga moja zaidi. Akanyoosha mkono, akazihesabu kwa kidole.

"Nne?"

"Nne, baba."

Akazihesabu tena, akianza na ile yangu.